Siku Mzee Aliposomwa

Mkono wangu ni mwepesi. Nalisema mapema ili asitokee mtu wa kudhani nimemficha. Wengine wakikasirika hutoka nje kuvuta hewa, wengine hununa wiki nzima. Mimi hupiga. Nimepiga meza, nimepiga milango, nimempiga mtu aliyenipita kwenye foleni ya maji, na nimempiga mke wangu. Hilo la mwisho nilikuwa naliita "kibao kimoja tu", na kwa miaka mingi maneno hayo yaliniwezesha kulala vizuri.

Duka letu liko Ujiji, upande wa Kasingirima, kwenye vyumba viwili vya mbele vya nyumba aliyoiacha baba. Tunadarizi kanzu: kola, kifua na ncha za mikono. Baba alianza na sindano ya mkono, akamalizia na mashine ya umeme inayofuata mchoro kutoka kwenye kompyuta. Michoro yote aliichora mwenyewe. Unaojulikana kuliko yote ni ule wa kuti la mchikichi, unaoanzia kwenye kola na kushuka kifuani, majani kumi na mawili kila upande. Mtu akivaa kanzu ya kuti hilo, hata akiwa Kibirizi ananunua dagaa, watu wanajua imetoka kwetu.

Mimi kazi nilifundishwa kwa rula ya chuma. Uzi ukikatika, rula vidoleni. Mdogo wangu hakuonja rula hiyo, kwa sababu alipozaliwa baba alikuwa ameshachoka kupiga. Yeye alipelekwa chuo mjini akasomea kompyuta. Baba alipofariki tukagawana kazi: vitambaa na mashine kwangu, kompyuta kwa mdogo wangu na mke wangu, ambaye ana jicho zuri la rangi za nyuzi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa sanduku zito lililogeuka manjano kwa uzee. Nyuma yake kulikuwa na kidude chekundu, ukubwa wa kiberiti, kimechomekwa kwenye tundu pana lenye vishimo ishirini na tano. Tulikiita ufunguo. Ukikichomoa, programu ya michoro haifunguki hata uibembeleze, maana walioitengeneza hawakutaka inakiliwe ovyo. Baba alitukataza kukigusa, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekigusa.

Siku moja nilikuwa nimeshika kola ya sita, mteja anangoja benchini, kompyuta ikaganda. Niliipiga ngumi ya juu. Ikaguna. Nikaipiga teke la ubavuni. Ndani ukasikika mlio wa kukwaruza, kisha kimya, na kioo kikawa cheusi.

"Kaka," mdogo wangu alisema polepole, "ndani mna diski inayozunguka. Diski haipigwi."

"Katupe."

"Michoro yote ya baba imo humo."

"Nimesema katupe! Nanunua mpya."

Akauchomoa ufunguo akautia mfukoni, akaibeba kompyuta akatoka nayo. Nilidhani ameenda kuiuza kwa watu wa vyuma chakavu.

Nikaingia mtandaoni. Kwenye simu kulikuwa na ukurasa wenye picha za kompyuta zinazong'aa, na chini ya mojawapo muuzaji ameandika: mpya kabisa, inakubali programu zote. Hizi ndizo zinazoitwa mpakato, ingawa hapa kwetu sijaona mtu aliyeipakata. Neno "zote" lilinitosha. Mdogo wangu alisimama nyuma ya bega langu akaanza somo lake.

"Kaka, tusome kwanza. Programu ya baba ni ya zamani sana, ya biti kumi na sita. Kompyuta za sasa ni biti sitini na nne, programu hiyo haziitambui kabisa. Halafu ufunguo tutauchomeka wapi? Angalia picha, pembeni hakuna tundu lile."

"Kuna waya wa kuunganisha. Huu hapa, upande mmoja tundu pana, upande mwingine tundu dogo la kisasa."

"Basi tusome maelezo ya huo waya."

"Wewe umesomea kusoma," nilimwambia. "Mimi najua kununua."

Nikabonyeza, nikalipa, nikajiona mjanja. Mzigo ulichukua siku nyingi kufika. Nilipokwenda kuuchukua kwenye ofisi ya mabasi, karani alipekua daftari lake bila haraka, akasema hauoni. Nilimshika shati kupitia juu ya meza, nikamvuta mpaka kidevu chake kikagusa mbao. Vifungo viwili viliruka. Boksi langu lilikuwa chini ya benchi aliyokalia. Sikuona haya hata kidogo. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba mkono umefanya kazi ambayo daftari lilishindwa.

Kompyuta mpya ilikuwa nyepesi, nzuri, na haikufaa kitu. Tulipoweka programu ya baba kutoka kwenye diski zake za zamani, kioo kiliandika kwamba programu hiyo haiwezi kufanya kazi humo, tuwasiliane na mtengenezaji. Mtengenezaji nani? Mdogo wangu alihangaika siku mbili. Akajenga ndani ya kompyuta mpya kompyuta nyingine ya kuigiza, inayojifanya ya zamani, na kweli programu ya baba ikaamka ndani yake. Nilipiga kelele za furaha. Kisha ikadai ufunguo. Tukauchomeka kwenye ule waya, waya kwenye kompyuta, taa ndogo ikawaka. Programu ikasema hakuna ufunguo. Tukachomoa, tukachomeka. Hakuna ufunguo.

Mke wangu aliokota boksi la waya, akaligeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma.

"Hapa wameandika ni kwa printa tu," alisema. "Ulisoma maelezo kabla hujalipa?"

Hakusema kwa dharau. Aliuliza tu kama mtu anavyouliza chumvi iko wapi. Lakini mteja mmoja alikuwepo, na mdogo wangu alikuwa ameshaniuliza hivyo hivyo, na hasira yote ya waya, ya muuzaji na ya teke nililoipiga kompyuta ya baba ikapanda begani na kushuka kiganjani. Nilimpiga kibao cha mdomo. Jino lilichana mdomo wa chini. Alikuwa ameinamia meza ya kukatia, na damu ikadondoka kwenye kitambaa cheupe cha kanzu, matone mengi kuliko nilivyotarajia.

Hakulia. Alikunja kile kitambaa mara nne, damu ikiwa ndani, akakitia kwenye begi pamoja na nguo zake, akaenda kwao Kidahwe.

Nilimfuata baada ya siku tatu. Baba mkwe alinipokea vizuri, akanikaribisha kiti, kisha akakikunjua kile kitambaa juu ya meza mbele yangu. Damu ilikuwa imegeuka kahawia. Alikaa akikitazama, nami nikikitazama, mpaka chai ikapoa.

"Shemeji yako anaoa," alisema mwishowe. Alimaanisha mdogo wake mke wangu. "Nataka kanzu saba za kuti la mchikichi, kama alizodarizi baba yako. Zilete wewe na mdogo wako, siku moja kabla ya harusi. Siku hiyo binti yangu atakuwa amefunga mizigo. Lakini mwanangu, sikiliza. Kati ya leo na siku hiyo, mkono huo ukimpiga mtu, awe mkubwa, awe mdogo, awe mlevi aliyekutukana barabarani, na sisi tukajua, utaondoka peke yako. Na hutamfuata tena."

Nilikubali. Ningekubali lolote. Nilimpenda mke wangu, na ninajua sentensi hiyo inavyosikika baada ya niliyoyaeleza, lakini siwezi kuifuta.

Nilikuwa na wiki tatu. Nilijifunza kukalia mikono yangu, na si mfano: nilikuwa nakaa juu ya viganja vyangu benchini wateja wakinichosha. Nilimpigia simu muuzaji wa mtandaoni, nikamtukana ukoo mzima, akanizuia nisimpate tena. Nikaitupa simu ukutani, ikapasuka kioo. Simu si mtu, nikajiambia, bado sijavunja ahadi. Nilipiga ndoo. Nilipiga mgomba nyuma ya nyumba mpaka ukalala. Jioni viganja vilikuwa vinawaka, lakini watu wote wa Kasingirima walikuwa salama.

Tatizo lilikuwa kanzu. Zote saba zilikuwa zimeshonwa, zimetundikwa ukutani, vifua vyake vyeupe vitupu. Mashine ya kudarizi ilikuwa nzima, lakini bila mchoro haijui pa kwenda. Nilijaribu kulichora kuti lile kwa mkono, na majani yangu yalitoka kama samaki. Mdogo wangu ndio kwanza akawa haonekani. Kila siku mtaa wa Mwanga, kila siku mjini, nikimuuliza anasema, "Kaka, nipe muda." Nilikalia mikono yangu.

Zikabaki siku tano.

Hapo inabidi nieleze neno moja. Kwetu, ukiingiza kadi au diski kwenye kifaa kisikubali, unasema haisomi. Fundi naye anakuambia, acha niisome. Hayo ni maneno ya kila siku. Lakini Ujiji kuna kusoma kwingine. Mtu akiibiwa au akidhulumiwa, akashindwa pote, husema: nitasoma. Hukusanya watu wa dua, wakasoma Albadiri, na aliyemkosea hukaa akingoja tumbo livimbe. Nimewahi kumwona mwizi wa cherehani akiirudisha mwenyewe kichwani, mchana kweupe, analia, kwa kusikia tu kwamba Ijumaa inasomwa. Kwa sarufi, kitu husomwa na mtu husomewa. Tofauti ni herufi moja. Na mdogo wangu akiandika meseji hula herufi kuliko anavyokula ugali.

Alasiri hiyo nilifungua kompyuta mpya ili niitazame tu kwa chuki. Mdogo wangu alikuwa ameunganisha nayo meseji za simu yake, arahisishe kutuma picha za vitambaa, na alipotoka asubuhi alisahau kuzifunga. Zilikuwa wazi mbele yangu, mazungumzo yake na mke wangu. Yeye ameandika:

"Shemeji Mzee kasomwa jana mara 3 bado mbishi. Leo baada ya swala anasomwa mara ya mwisho. Akigoma basi tumzike tuchukue alichoacha. Usiseme kitu kwanza."

Mke wangu amejibu:

"Huyo kanitesa miaka. Akiondoka ntamlilia ila ntapumzika."

Wateja huniita mzee. Mke wangu naye, mbele za watu, huniita mzee. Nilisoma mara ya pili, kidole juu ya kioo. Kasomewa mara tatu. Tumzike. Tuchukue alichoacha. Niliogopa. Nalisema waziwazi kwa sababu watu hudhani mpigaji haogopi kitu. Nilishika tumbo langu, na naapa nililiona limejaa kuliko asubuhi. Msikitini walikuwa wameshatoka kuswali. Kama kuna mahali watu wamekaa duara wakinisomea, basi ni saa hiyo hiyo.

Baada ya hofu kikaja kitu kibaya zaidi. Nilijua wana haki. Nilijua kwamba kama kuna mtu Kigoma nzima anayestahili kusomewa, ni mimi, na mdomo wa mke wangu ni shahidi. Mtu mwema angekaa chini akaomba msamaha. Mimi, kujua kwamba wana haki ndiko kulikonipandisha wazimu.

Mlango ukasukumwa kwa bega. Mdogo wangu aliingia akiwa amekumbatia mzigo uliofunikwa shuka, mikono yote miwili imeuzunguka, kidevu juu yake. Jasho linamtoka. Anacheka.

"Kaka! Mzee ka—"

Nilikuwa nimeshaifunga ile kompyuta mpya na kuishika kwa mikono miwili. Nilimpiga nayo sikioni, upande wa kushoto, kwa bapa na ukingo wake. Ilitoa sauti ya ubao. Aliyumba. Nikampiga tena pale pale, na safari hii kifuniko kikang'oka, vitufe vya herufi vikamwagika sakafuni kama punje za mahindi. Ukingo ulinichana kati ya kidole gumba na cha shahada. Sikuhisi.

Ninachokiona mpaka leo ni kwamba hakuuachia ule mzigo. Angeuachia angeweza kujikinga. Alipiga goti moja, kisha la pili, akashuka nao taratibu mpaka sakafuni, anauweka kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia, na mimi nimesimama juu yake na nusu ya kompyuta mkononi. Damu ilitoka ndani ya sikio, ikapita shingoni, ikaingia kwenye kola ya shati.

"Polepole na Mzee, kaka," alisema. Sauti yake ilikuwa ya juu isivyo kawaida, ya mtu asiyejisikia. "Amesoma. Michoro yote imo."

"Mzee nani?"

Alivuta shuka. Lilikuwa lile sanduku la manjano, na bonde la teke langu bado lipo ubavuni.

"Huyu. Fundi wa Mwanga kaisoma diski yake mara nne. Leo ndiyo imekubali. Kainakili yote kwenye diski nyingine, karudisha ndani." Akagusa sikio, akatazama vidole vyake. "Shemeji anajua. Tulitaka ukute anawaka."

Nilikaa chini kati ya vitufe.

Hospitalini daktari alimmulika sikioni kwa muda mrefu, akampima, akamrudisha kesho yake akampima tena. Akasema ngoma ya sikio imepasuka, nayo huenda ikaziba, lakini ndani zaidi kumeharibika, na sikio la kushoto asilitegemee tena. Aliuliza imekuwaje. Mdogo wangu alijibu kabla sijafungua mdomo: alianguka na bodaboda. Mimi sikumwomba aseme hivyo. Nilisimama pale, kidonda changu nimekificha mfukoni, nikausikia uongo ule na kuunyamazia, kwa sababu ulikuwa unanirudishia mke wangu.

Tukafanya kazi. Aliketi kwenye kompyuta ya baba akiwa na bandeji, akachomeka ufunguo kwenye tundu lake pana, programu ikafunguka mara moja bila kuuliza kitu. Kuti la mchikichi likatokea kwenye kioo, majani kumi na mawili kila upande. Mashine ikaanza kupiga sindano. Kola ya kwanza ilipotoka nilifurahi, nikacheka, nikampiga kofi la mgongoni kama tulivyozoea. Aliruka kutoka kwenye kiti. Tulimaliza kanzu zote saba bila kugusana tena.

Jumamosi asubuhi tulifika Kidahwe. Ilibidi niende naye, maana baba mkwe alikuwa amemtaja kwa mdomo wake, na kumwacha kungeleta maswali. Bandeji aliitoa mwenyewe. Akavaa kofia akaishusha mpaka juu ya masikio.

"Mwakeye," baba mkwe alitusalimu kwa Kiha, uso umekunjuka, nasi tukampa shikamoo. Kanzu zikatandikwa kitandani. Wakwe wakazipapasa, bwana harusi akajipima moja, na mzee mmoja wa ukoo akasema mkono wa marehemu umerudi. Mkono. Niliangalia chini. Begi la mke wangu lilikuwa mlangoni, limefungwa, kanga imekunjwa juu yake. Lilikuwa tayari kabisa, na mimi nikaanza kupumua.

Alitoka jikoni akifuta mikono. Kovu dogo lilikuwa kwenye mdomo wa chini. Alinisalimia kwa haya, kama zamani, kisha akasogea karibu na mdogo wangu, upande wa kushoto, akamwambia chini chini kwa kicheko:

"Shemeji, Mzee hajambo?"

Mdogo wangu aliendelea kuzitazama kanzu.

"Shemeji?"

Mdogo wangu alitabasamu, lakini alikuwa anamtabasamia bwana harusi aliyekuwa mbele yake. Mke wangu alisimama kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akainua ukingo wa kofia.

"Nini hiki?"

Hilo alilisikia, au aliuhisi mkono. "Bodaboda," alisema.

"Bodaboda ilikupiga sikio peke yake?"

Mke wangu aligeuka akautazama mkono wangu wa kulia, kile kidonda kati ya kidole gumba na cha shahada ambacho kilikuwa bado kibichi. Ningeweza kusema ni mkasi. Mafundi hukatwa na mikasi kila siku.

"Nilisoma meseji zenu," nilisema. "Nilidhani Mzee ni mimi."

Ilimchukua muda. Niliona maneno yao wenyewe yakimrudia moja moja: kasomwa, tumzike, kanitesa miaka. Aliweka kiganja mdomoni, juu ya lile kovu.

"Ni wewe," alisema.

Sikuelewa.

"Hatukuiita Mzee kwa sababu ya uzee wake. Tuliipa jina lako. Inachemka bila sababu, na ukiigusa vibaya inakupiga shoti. Asubuhi tukija kazini tulikuwa tunaulizana, leo Mzee kaamkaje? Tukicheka. Ndiyo ilikuwa njia yetu ya kucheka." Machozi yalikuwa yanamtoka, na sauti yake haikutetemeka. "Ile imepata fundi, mwenzangu."

Akachukua begi mlangoni, akarudi nalo ndani. Nilisikia likiwekwa sakafuni, kisha mlango wa chumba ukafungwa, si kwa kishindo.

Baba mkwe hakupandisha sauti. Alizikunja kanzu, akazipanga, akanishukuru kwa kazi nzuri. Akasema kesho tukaribie harusini kama ndugu, wote wawili, chakula kitakuwepo. "Yeye anabaki," alisema. Nilikuwa nimemkubalia mwenyewe wiki tatu nyuma, kwenye meza ile ile.

Tulitoka tukaenda kukaa juu ya gogo kando ya barabara ya Kasulu, kungoja gari la kurudi. Hakukuwa na gari. Mbuzi walipita, mama mmoja akapita na ndoo ya mawese. Mdogo wangu alikuwa ameivua kofia, anaipunga usoni kwa joto. Nikaanza kuongea. Nilimwambia mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Nilimwambia kuhusu rula ya baba, na jinsi nilivyomwonea wivu kwa kutoipata. Nilimwambia kwamba teke lilikuwa langu, uzembe wa kutosoma ulikuwa wangu, hofu ilikuwa yangu, na sikio likawa lake. Nilimwambia sitamwomba anisamehe leo, ila nitafanya kazi kwa mikono yote miwili, yeye akiwa bosi wa duka, mpaka siku atakayosema yatosha. Nililia nikiongea, nikiitazama lami, kwa kuwa uso wake sikuweza.

Nilipomaliza hakujibu. Nikangoja. Nilipoinua kichwa nilimkuta anaangalia mbuzi, ametulia, na nikakumbuka kwamba nimekaa kushoto kwake.

Hakuwa amesikia hata neno moja. Nikasimama ili nizunguke nikae upande wa pili, nianze upya. Alipoona kivuli changu kinainuka na kumjia, alijikunja pale pale juu ya gogo, akainua kiwiko, akafunika sikio lililobaki.